Zamu ya Mama Kwenye Ndiva

Mama alinipigia simu kuniambia wamemkata maji, nami nikamuuliza kama bili imelipwa. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya jengo la baraza, faili la muswada kwapani, kahawa imepoa mkononi, watu wawili wananisubiri nimalize. Mama akaguna. Nikajisikia mpumbavu kabla hata sijajua kosa langu ni lipi. Kisha akaniambia hazungumzii bomba. Wamemnyang'anya zamu yake ya ndiva.

Asiyefika Vudee, kijiji chetu milimani huko Same, nimweleze. Ndiva ni bwawa la udongo walilochimba mababu zetu mlimani. Maji ya chemchemi yanajaa humo usiku, asubuhi kizibo kinafunguliwa, yanateremka mferejini mpaka kwenye shamba la mwenye zamu. Kesho yake yanakwenda kwa mwingine. Kiangazi kikishika, mwenye zamu ana maharage na migomba, asiye na zamu ana vumbi. Na zamu hainunuliwi. Inalindwa kwa msaragambo: siku ikitangazwa ya kuzoa matope na kuziba mipasuko, kila nyumba inatoa mtu. Nasema mtu, sisemi pesa, maana hapo ndipo sisi watoto tuliosomeshwa tulipoharibu.

Baba alipokufa, nyumba yetu haikuwa tena na mtu wa kushika jembe. Kaka yangu yuko Dar es Salaam na kazi yake na ugonjwa wake wa sukari. Mimi niko Marekani. Magoti ya mama yamechoka. Kwa hiyo tukafanya walivyofanya wengi: tukatuma pesa, mama akatafuta kibarua wa kusimama badala yetu. Wanakijiji walivumilia. Lakini nyumba kama yetu zikawa nyingi, kila moja ina watoto wake mijini, na siku ya msaragambo wakawa wanajaa vibarua kutoka tambarare ambao hata hawajui maji yanapita wapi. Wanachimba nusu, jua likipanda wanateremka. Basi kijiji kikakaa na kupitisha sheria ndogo: nyumba isiyo na mtu wake mwenyewe, anayelala hapo na kula hapo, zamu yake inakwenda kwa mwingine.

Kwa mtu mwingine hili lingekuwa jambo la maharage. Kwetu lilikuwa jambo la mama mwenyewe. Kaka alikuwa amemsihi kwa miaka ahamie kwake Dar, na mama alikuwa amempa jibu moja: siku shamba langu likikauka, njoo unichukue. Alisema hivyo akijua haliwezi kukauka. Sasa linakauka, na mama yangu si mtu wa kula maneno yake. Nikamwona akilini mwangu kwenye kochi sebuleni kwa kaka, feni inamzungukia kichwani, akitazama televisheni asiyoielewa na kusubiri kufa. Nikamwambia usitie shaka, nakuja kuzungumza nao.

Nilikuwa na kiburi, nakiri, lakini kilikuwa na sababu. Kuzungumza ndiyo kazi yangu. Nilikwenda Marekani nikiwa msichana, nikasomea uuguzi, nikafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, mji wa baridi kali. Niliwaogesha mama za watu. Niliwalisha uji kwa kijiko, nikawasikiliza wakiita watoto wao kwa majina, nikaitikia. Kulikuwa na bibi mmoja aliyenishika mkono kila jioni hadi asinzie. Binti yake alikuwa anakuja kwa nadra, na akija anapitisha kidole kwenye rafu za dirisha kutafuta vumbi, kisha anamuuliza msimamizi kwa nini mama yake anahudumiwa na mtu asiyejulikana ametoka wapi. Nikiwa nimesimama palepale na beseni.

Nadhani ni hasira za namna hiyo zilizoniingiza kwenye siasa. Nilianza kwa kusemea wauguzi wenzangu, nikaja kusemea mtaa, hatimaye wakanisukuma nigombee ubunge wa baraza la jimbo. Nyumbani hili halijawahi kueleweka. Jimbo kule ni kama nchi ndogo ndani ya nchi kubwa, lina baraza lake na sheria zake, nami ni mmoja tu kati ya wengi, tunakaa miezi michache kwa mwaka, kisha narudi kuvaa viatu vyangu vya uuguzi kwa sababu posho yenyewe haitoshi. Hayo nimeyaeleza mpaka nimechoka. Kwa watu wa Same mimi ni mbunge wa Marekani, nakula na Rais, na nikikunyima viza ni roho mbaya tu.

Mpinzani wangu katika kampeni alikuwa tajiri mwenye nyumba katika eneo letu lakini maisha yake yote yako mji mwingine. Mimi nilipita mlango kwa mlango, lafudhi yangu ikichekwa mbele yangu. Kwenye mdahalo akasema kwa upole kwamba anaheshimu wahamiaji ila eneo linahitaji mtu wa hapa. Nikamjibu: "Asiyelala hapa asituamulie hapa." Ukumbi ulisimama. Kijana mmoja wa Same aliikata ile video, akaweka maandishi ya Kiswahili chini, ikazunguka kwenye makundi ya simu toka Mwanga hadi Gonja. Mama alionyeshwa kanisani. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilitunzwa nilikocheza ugenini, na kwetu wakapiga vigelegele kwenye simu.

Bei ya yote hayo ilikuwa pasipoti yangu ya Tanzania. Sheria zetu haziruhusu uraia wa nchi mbili, na huwezi kutunga sheria za watu ukiwa mgeni wao. Nililia siku ile, kisha nikaenda kazini. Lakini bado sijazoea kufika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na kusimama kwenye foleni ya wageni, nyuma ya watalii wenye buti za kupandia mlima. Safari hii afisa kijana aliniuliza kwa Kiingereza nimekuja kufanya nini. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nimekuja kumwona mama. Akatabasamu, akasema karibu Tanzania. Nikaipokea ile karibu kama mtu anayekaribishwa kwenye kiti chake mwenyewe.

Same ilikuwa kavu, upepo unarusha vumbi stendi, mkonge umesimama mpaka macho yanapoishia. Nilikodi gari dogo la kunipandisha Vudee, na kila kona tuliyopinda baridi iliongezeka kidogo. Nilifika nikiwa nimepanga la kusema. Ningeeleza kwamba mjane mzee hawezi kuhukumiwa kwa sheria ya wenye nguvu. Ningeomba msamaha maalumu kwa wajane. Huo ni muswada mzuri kabisa. Kule ningeupitisha kabla ya chakula cha mchana.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke ambaye simjui.

Alikuwa na umri wa kuweza kuwa binti yangu, mrefu, kitenge kimefungwa kifuani, mikono ina unga. Akanipigia goti kidogo, shikamoo mama, akachukua sanduku langu kabla sijaitikia marahaba. Alilipeleka chumba cha wageni. Chumba changu mimi, kile cha nyuma chenye dirisha la kutazama mgombani, nguo zake ndizo zilizoning'inia. Mama alikuwa jikoni anachagua maharage. Alinikumbatia, akanipapasa mgongo kama anapima nimekonda kiasi gani, kisha akamwambia yule mwanamke jambo kwa Kipare. Yule akajibu kwa Kipare hichohicho, haraka, wakacheka wote wawili. Mimi Kipare changu kimeota kutu. Nilishika neno la mwisho tu.

Nikauliza huyu ni nani. Mama akasema ndiye yule kibarua. Wazazi wake walitoka Kigoma zamani kuja kukata mkonge, yeye akazaliwa huko chini, akakulia Maore, akapanda mlimani kutafuta vibarua. Pesa yangu ndiyo iliyomwita mara ya kwanza. Alikuja kwa msaragambo, akamkuta mama ana homa na hakuna mtu wa kumchemshia maji, akabaki. Hiyo ilikuwa misimu kadhaa iliyopita. Kwenye simu mama alikuwa akisema tu "tupo", nami nikadhani anajumuisha kuku.

Sikupenda. Sina namna nyingine ya kulisema. Kila nilichogusa kilikuwa kimehamishwa. Sukari haikuwa kwenye kopo la sukari. Nilipotaka kumwogesha mama, kazi niliyoifanya nusu ya maisha yangu, aliniambia maji ameshabandikiwa. Siku ya tatu nikamwambia kwa utani, mama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nipe jembe langu niende shambani. Mama akatazama mikono yangu. Akasema jembe lipo moja na limeshatangulia shambani na mwenyewe, mimi nipumzike, nimechoka na safari. Nilikwenda kukaa kibarazani nikiwa nimevimba.

Na huko kibarazani hawakunipa nafasi ya kuvimba kwa raha. Walikuja. Mwenye mtoto aliyefaulu anataka ufadhili, mwenye kwaya anataka vyombo vya muziki, mzee mmoja anataka nimwambie Rais wa Marekani kuhusu bei ya kahawa. Nilipoeleza kwamba mimi ni mbunge mdogo wa jimbo moja na kwamba suala langu kubwa mwaka huu lilikuwa mitaro ya mvua, walitazamana. Wengine walitikisa kichwa kwa huruma, maana walishajua watu wa nje wanavyokuwa. Niliwatajia zamu ya mama, na kila mmoja akasema hilo ni dogo, Mheshimiwa, wewe ukisimama tu mkutanoni limekwisha. Hakuna aliyesema angesimama yeye.

Nilimwendea mwenyekiti wa kijiji mapema, kama siasa inavyotaka. Ni kijana, baba yake nilikaa naye dawati moja. Alinisalimia shikamoo shangazi, akapiga picha na mimi, akapiga nyingine ya wima kwa ajili ya simu, akaniambia wamenipangia nafasi kwenye mkutano mkuu. Nikatoka nikijua nimeshashinda. Mama nilipomwambia, na kuongeza kwamba wakinikatalia tutakwenda mahakamani, alicheka hadi akakohoa. Akasema duniani kote nimekwenda kusoma na bado nimerudi Mpare, mtu wa kuuza ng'ombe kwa kesi ya kuku.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule ya msingi. Nilipewa kiti cha mbele, cha plastiki, chenye kitambaa. Mama alikaa nyuma kwenye benchi na wanawake wenzake, yule mwanamke pembeni yake. Mwenyekiti akanitambulisha kwa maneno ambayo hata mimi sikustahili. Nikasimama, nikasalimia, wakaitikia kwa kishindo, nikafungua mdomo niendelee. Akanigusa mkono. Akasema, kwa heshima zote, kwamba mgeni rasmi amekwishasalimia na sasa tuingie kwenye ajenda. Nikamwambia nina hoja kuhusu zamu. Akainamia kwa afisa mtendaji, wakanong'onezana, akanyooka. Akaeleza kwamba wanaochangia ni wakazi wa kijiji, na Mheshimiwa, kwa bahati mbaya, si mkazi, na kwa bahati mbaya zaidi si raia.

Niliwaambia nimezaliwa umbali wa kutupa jiwe toka hapo. Niliwaambia kitovu changu kimezikwa mgombani kwetu. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa maneno yote. Kisha akasema, na Mungu ni shahidi hakuwa na kejeli hata chembe, alikuwa ananipa sifa mbele ya watu:

"Shangazi, hii sheria tumeitoa kwako. Ile video tuliitazama hapahapa, tukasema kumbe dawa ndiyo hii. Asiyelala hapa asituamulie hapa."

Wakapiga makofi. Kijiji kizima kilinipigia makofi. Mzee mmoja akaongeza kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, nao wakapiga tena. Mimi nilikaa chini. Nimepingwa na watu waliosoma vyuo vikubwa, nimezomewa kwenye redio, lakini sijawahi kufungwa mdomo kwa maneno yangu mwenyewe na mtu anayenipenda. Hasira ilinipanda hadi masikioni, na haikuwa na pa kwenda. Ningemjibu nini? Kwamba sheria ile ni nzuri ila si kwa mama yangu? Mkuki kwa nguruwe.

Ndipo nikasikia sauti ya mama nyuma. Hakuomba nafasi, mama wa umri ule haombi. Alisimama ameshika bega la yule mwanamke, akasema hana haja ya kuonewa huruma kama mjane. Sheria inataka mtu anayelala na kula kwake, naye mtu huyo anaye. Wanamwita kibarua kwa kuwa alikuja kwa kulipwa, lakini hajalipwa tangu homa ile na hajaondoka. Ameshatoka kwenye msaragambo mara nyingi kuliko watoto wa wengi waliokaa hapo. Basi wamwandike mkazi, wamwandike wa nyumba yake, zamu irudi.

"Mtu wa nyumba yangu ni huyu," alisema.

Mwenyekiti akawaangalia wajumbe, wakaitikia kwa vichwa. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Mkono wangu ukapanda.

Sikuutuma. Naapa sikuutuma, ila ulikuwa wangu, wenye saa yangu, juu mbele ya kila mtu. Na maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, nayajua kwa ladha yake kwa sababu nimeambiwa mimi kwa miaka: huyu tunajuaje katokea wapi, huyu si wa hapa. Watu wote waligeuka kunitazama. Yule mwanamke alinitazama pia, bila chuki, kama mtu aliyekuwa anasubiri jambo hilo litoke kwa mtu fulani na sasa amemjua ni nani.

Mwenyekiti alikohoa kidogo. "Shangazi," akasema taratibu, "wageni hawapigi kura."

Hoja ilipita.

Tulirudi nyumbani watatu kwa njia nyembamba, yeye mbele akimshika mama mkono kwenye mteremko, mimi nyuma. Mama hakunisema. Ningependa angenisema. Jioni nilimfuata jikoni, nikaanza kueleza kwamba nilitaka tu utaratibu ufuatwe, kwamba mambo ya ardhi na maji yanahitaji uangalifu, nikajisikia nikiongea kwa ile sauti ninayoitumia kwa waandishi wa habari. Mama alingoja nimalize. Akaniambia nisililie chumba. Akasema, "Wewe ndiye uliyemtuma. Nilikuomba mtu, ukanitumia mtu. Ulitaka nimfanyeje?"

Nimegeuza lile swali kwenye ndege, kwenye kamati, kwenye foleni ya benki, na kila likigeuka linanikasirisha upya. Nilikwenda kumwokolea mama nyumba yake, na nyumba ikaokolewa, na sikuhitajika. Nina wapiga kura wanaoniandikia kuniita wao. Nina mji unaosema huyu ni wetu. Na kuna kijiji kimoja tu duniani ambacho ningetoa vyote hivyo kiniambie hivyo, nacho kinanipa kiti chenye kitambaa.

Siku niliyoondoka iliangukia siku ya zamu, ya kwanza toka irudishwe. Nilikuwa nimedhani mama ataomba kubadilishana na mtu. Hakuomba. Alfajiri alinibariki mlangoni, mkono juu ya kichwa, akanifungia magimbi kwenye mfuko ambao uwanjani wangeninyang'anya, akaniambia maji hayasubiri. Akachukua fimbo yake akateremka shambani. Nililiburuta sanduku mwenyewe hadi barabarani, ambako bodaboda alikuwa ananisubiri.

Kwenye kona ya juu, pale unapoona bonde lote, nilimwomba kijana asimame. Maji yalikuwa yameshaingia. Udongo ulikuwa umegeuka mweusi nusu ya shamba, na kwenye mfereji yule mwanamke ameinama, miguu matopeni, jembe mkononi. Mama alikuwa amesimama kwenye tuta kwa fimbo yake. Aliinua mkono juu. Nikainua wangu, nikaupunga, nikaita mama, kwa nguvu, mpaka dereva akageuka kunitazama.

Hakuwa ananiaga. Alikuwa anamwonyesha mwenzake pa kufungulia maji.